Wachawi wa damu safi na dume la Baray

Leo nimefukuzwa sebuleni kwa sababu ya wachawi.

Nilikuwa namsimulia baba mdogo riwaya ninayosoma. Kuna ukoo wa wachawi matajiri, wanaoana binamu kwa binamu ili damu isichafuke. Watoto wao wa sasa hata mshumaa hawawezi kuuwasha kwa uchawi.

Baba mdogo akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wajinga hao! Mimi juzi nimeleta dume la ng'ombe kutoka Baray, maana la kwangu lilishaanza kupanda watoto wake mwenyewe."

Jamani, nikamheshimu.

Binti yake Neema naye akaona hapo hapo mlango umefunguka. "Baba, basi kuna kijana wa Moshi anataka kuja kujitambulisha."

Baba mdogo akamgeukia, kicheko kimekatika.

"Mchaga? Kwenye damu hii? Kwani Wairaqw wenzetu wameisha Karatu nzima?"

Mdomo wangu nao haunaga breki. "Baba mdogo, dume la Baray si ulilipokea mwenyewe getini, unatabasamu?"

Mama mdogo kapaliwa na chai. Mimi nikaonyeshwa mlango.

Wenye baba wadogo wa hivi, mnaishi nao vipi?

Niko zizini sasa, naliangalia lile dume linavyotafuna majani kwa raha zake. Mkwe pekee aliyekubalika kwenye ukoo wetu.