Fundi Vioo Anachagua Almasi

Baba yangu amekata vioo tangu kabla sijazaliwa, na mtaa mzima humwita Fundi Vioo kana kwamba hakuwahi kupewa jina jingine. Karakana yake na saluni yangu zimetenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Mimi nasuka huku, yeye anakata kule, na siku nzima nasikia kioo kikichorwa, kriii, halafu kikigongwa kidogo, tak, halafu kimya. Kimya maana yake kimekatika vizuri. Kikikatika vibaya utajua pia, maana baba hukisema kama anavyomsema mtoto mtukutu: "Haya, umefurahi sasa?"

Chombo anachokatia ni kalamu ya chuma yenye punje ya almasi kwenye ncha. Punje yenyewe ni nyeusi, ndogo, haina mvuto wowote. Ikidondoka sakafuni utadhani chembe ya mkaa. Nilipoanza shule niliwatangazia wenzangu kwamba baba yangu anatembea na almasi kwenye mfuko wa shati. Walinicheka mpaka mwalimu akaingilia. Nilikuwa nimesema kweli tupu, lakini nani angeniamini, na viatu vyangu vile?

Mama alifariki nikiwa bado msichana wa sekondari. Baba hakunipeleka kwa shangazi, ingawa shangazi alikuja na begi tupu kabisa la kubebea nguo zangu. Akarudi nalo tupu. Baba alijifunza kupika, kwanza vibaya, baadaye vizuri. Alinipigia pasi sketi za shule kwa mikono ile ile yenye makovu ya vioo. Watu walipomwambia aoe, aliwajibu kwamba ana mgeni nyumbani, ngoja kwanza ashibe. Mgeni huyo nilikuwa mimi, na nilikula kwelikweli. Kwa hiyo siku aliposimama mlangoni pa saluni, mteja wangu akiwa amesukwa nusu kichwa, akasema anataka kuchumbia, nilishukuru kwanza, ndipo nikauliza nani.

"Fundi Mapazia," akasema.

"Yule mliyegombana naye?"

"Huyo huyo."

Fundi Mapazia ni mwanamke wa rika lake, hajawahi kuolewa, na anashona mapazia ya nyumba zile zile ambazo baba anaweka vioo. Walikutana kwenye nyumba mpya. Baba alikuwa ametoka kuweka kioo kikubwa cha sebuleni, puti ya kukishikilia bado laini, mama wa watu akapanda ngazi kupigilia fimbo ya pazia. Nyundo ya kwanza tu, kioo chini. Walirushiana maneno mpaka mwenye nyumba akawabembeleza wote wawili. Tangu siku hiyo wakapatana: kioo kwanza, puti ikauke, ndipo pazia lifuate. Sasa, ili kujua kama puti imekauka, lazima mtu apige simu kuuliza. Wakaanza kupigiana. Nami nikiwa upande wa pili wa ukuta nikagundua kwamba puti ya baba siku hizi inachukua muda mrefu ajabu kukauka.

Lakini palikuwa na jambo moja, na baba alinieleza waziwazi. Katika ujana wake Fundi Mapazia alichumbiwa na mtu aliyekuwa anakwenda kufanya kazi mbali. Alimwachia pete, akaahidi kurudi. Naye mama akaivaa miaka, akawakataa wengine wote. Pete ilipoanza kumbana aliipeleka kwa sonara aipanue, naye akamwambia taratibu, kama daktari, kwamba jiwe lile ni kioo. Baadaye ikajulikana kwamba na mwenye pete alikuwa ameoa huko huko zamani.

"Ameniambia akikubali, anataka avae pete, watu waione," baba alisema. "Lakini akaniambia: Fundi, kwa kioo mimi nimeshakoma. Pete nitakayoivaa huku naitilia shaka, bora nisiivae. Na mwenye pete hivyo hivyo."

Kumwambia hivyo fundi vioo! Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Niliona kwamba akikosea hapa hatapata nafasi nyingine, na mzee wangu amekwisha ngoja vya kutosha. Nikamalizia kichwa cha mteja, nikafunga saluni, tukaenda.

Duka la sonara lilikuwa na feni moja na mlinzi mmoja, vyote vikizunguka polepole. Sonara alikuwa mtu wa makamo, miwani juu ya paji la uso, sauti ya upole. Baba alipomwambia anatafuta pete ya uchumba, yenye almasi, sonara alimtazama baba, akanitazama mimi, akameza mate.

"Karibu mzee. Na wewe bibi harusi, karibu."

"Bibi harusi yuko kwake anapinda mapazia," nikamwambia. "Huyu ni baba yangu mzazi."

Akashusha pumzi, akatutandikia kitambaa cheusi, akapanga pete chache. Akaeleza kwamba watu wengi hukimbilia ukubwa, lakini yeye angemshauri mtu atazame kwanza jinsi jiwe lilivyokatwa. Dogo lililokatwa vizuri hung'aa kuliko kubwa lililokatwa ovyo. Aliposikia habari za kukata, baba alisogeza kiti.

"Hapo tunaelewana, ndugu yangu. Sasa nitajuaje kwamba si kioo?"

"Lina cheti, mzee."

"Cheti ni karatasi."

"Nina na kipimo, nikuoneshe," sonara akasema, akageuka kufungua droo.

Nilijua kabla mkono haujafika. Miaka yote hii nimeuona mkono ule. Baba alichukua pete iliyokuwa karibu, akaishika kama anavyoshika kalamu yake, akainama juu ya kabati la kioo la kuoneshea bidhaa, akavuta mstari. Kriii. Hapo angeishia tungepona. Lakini mkono uliozoea haujui kuishia katikati. Akagonga kwa kifundo cha kidole, tak, na kioo cha kabati kikaachana vipande viwili, kwa ustaarabu kabisa, mstari umenyooka kama wa rula.

"Halisi!" baba akasema kwa furaha.

Mlinzi aliamka. Sonara alishika kichwa, miwani ikamwangukia puani. "Mzee! Hata yakuti inakwaruza kioo! Hata jiwe la barabarani likiwa gumu linakwaruza kioo! Umenikatia kabati langu na bado hujajua kitu!"

Sijawahi kumwona baba vile. Mtu mzima alisimama amekunja mikono mbele, kama ameitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. "Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Mkono umeitangulia akili. Niruhusu nipime, nikuwekee kingine sasa hivi." Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo, na nakiri haikuwa kwa huzuni. Sonara alinikazia macho, akatazama tena ule mstari, akatazama kipande kimoja kwa ubavu. Nadhani ilikuwa vigumu kwake kuendelea kukasirikia mkato mzuri namna ile.

Baba alirudi na kioo kimezungushiwa blanketi kuukuu. Alikikata palepale dukani ili kikae barabara, na sonara akaacha kazi zake kutazama. Alipomaliza, sonara aliomba kuiona ile kalamu. Akaitazama ncha yake kwa lenzi ndogo, ile wanayoiminya jichoni.

"Kumbe na wewe ni mtu wa almasi."

"Tangu ujana. Ila yangu haichumbii mtu."

Basi wakaanza upya, safari hii kama mafundi wawili. Sonara alimpa baba lenzi, akamfundisha kuisogeza mpaka jicho lishike. Baba alitazama pete ya kwanza, ya pili, akafika ya tatu, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii ina doa ndani."

"Karibu zote zina kitu ndani, mzee. Zimezaliwa ardhini, hazikuchujwa. Iliyo safi kabisa ni hii niliyoiweka pembeni, na unaweza kuimudu kwa kuwa ni ndogo. Hilo doa kwa macho matupu hutaliona kamwe."

Mtu akitaka kumjua baba, amwone akipokea kioo chenye povu. Hukirudisha alikokitoa siku hiyo hiyo, hata mvua inyeshe. Sasa alikuwa ameliinamia doa lile kama mtu anayesoma. Akauliza kama linaweza kutoka. Haliwezi. Akauliza kama lipo jiwe jingine lenye doa la namna ile ile, mahali pale pale. Sonara akasema hakuna.

"Basi nipe hili."

"Baba!" nikaruka. "Unampelekea mwenzako kitu chenye kasoro, na kisafi kipo hapa?"

"Mwanangu, hilo safi atalazimika kuniamini mimi, au huyu bwana, au karatasi. Alishaamini sana huyo. Hili atajionea." Akamgeukia sonara. "Niuzie na hiyo lenzi."

Sonara aliifunga kwenye kitambaa, akampa. Akaongeza kwamba mama akipenda aje mwenyewe wakati wowote, atampimia kwa kipimo mbele ya macho yake.

Tulimkuta Fundi Mapazia kwenye chumba chake cha kazi, cherehani dirishani, pini midomoni, futi ya kupimia mabegani, na kitambaa cha pazia la sebule ya mteja kimetanda sakafu nzima.

"Ingieni, ila msikanyage sebule ya watu," akasema kwa pembe ya mdomo.

Tukavua viatu, tukapita ukutani kama wezi. Njia nzima baba alikuwa ananong'ona hotuba aliyoiandaa. Alipofika mbele yake hotuba ikayeyuka. Akatoa pete, akaiweka juu ya meza ya cherehani, na lenzi pembeni yake.

"Nimekuletea," akasema. "Lakini usiivae kwanza. Tazama."

Akawasha taa ya cherehani, akaipinda shingo iangalie chini. Fundi Mapazia alitoa pini midomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake. Akaketi. Akachukua lenzi, na kwa jicho lile linalokamata mshono uliopinda kwa unywele mmoja, akaanza kutazama.

Alitazama muda mrefu. Mimi damu ilianza kunichemka. Nilitaka kumwambia, mama wa watu, huyu ni baba yangu, hajamdanganya mtu hata kwa kipande cha kioo cha kabati, wewe unampekua kama forodhani! Nikamtazama baba ili nimwonee huruma, nikakuta hahitaji huruma yangu. Alikuwa ameishika ile taa kwa mkono, anaigeuza kidogo kidogo isimpige yule mama machoni. Angesimama hivyo mpaka kesho.

"Kuna kitu cheusi humu," Fundi Mapazia akasema. Sauti yake ilikuwa baridi.

"Kipo," baba akajibu. "Chini kidogo, upande wa kushoto. Almasi nyingine yenye hicho kitu hapo hapo haipo. Siku ukiamka na shaka, hata nikiwa sipo, chukua lenzi utazame. Ukikikuta, ni hiyo hiyo niliyokupa. Na sonara amesema uende akupimie mwenyewe, mimi nibaki nje."

Akatazama tena. Kisha akaweka lenzi chini, akaanza kulainisha kitambaa magotini ingawa hakikuwa na kunyanzi lolote.

"Yule aliniambia nifumbe macho," akasema. "Nikafumba. Akanivisha, nikafumbua, nikaona inang'aa, basi. Sikuitazama tena miaka yote ile, niliona nitakuwa namkosea." Akaitazama taa mkononi mwa baba. "Hakuna mtu aliyewahi kunishikia taa ili nitazame."

Akanyoosha kidole.

Baba hupanda ngazi ndefu na kioo kizito kifuani bila kutetemeka. Siku hiyo pete ilitaka kumponyoka. Nami nilisimama pale ukutani, miguu peku, namshukuru Mungu kwa moyo wote: kwa mikono ile iliyonipigia pasi, kwa begi la shangazi lililorudi tupu, na kwa mwanamke huyu ambaye hakumpa baba imani ya bure, akampa iliyotazamwa kwanza.

Pete ikaingia. Fundi Mapazia akainua lenzi, akaninyooshea mimi.

"Njoo, mwanangu, utazame na wewe. Usije ukawa wa kuambiwa tu."

Nikavuka sebule ya watu kwa miguu yangu miwili, nikaikanyaga yote. Nikaichukua lenzi, nikainama kwenye mkono wake, sikuona chochote.

"Subiri kidogo, mama," nikamwambia. "Ngoja kwanza nifute macho."