Mjomba Aliisikiliza Pikapu, Nami Nikanyamaza

Naomba mnifichie jina langu na mtaa lilipo duka langu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mjane, mama wa watoto wawili. Nilifundisha hisabati sekondari kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kufungua duka la vigae Kariakoo, na tabia ya kupima kila kitu mara mbili haijanitoka. Ndiyo maana linaniuma zaidi kwamba kosa ninalolieleza hapa nililifanya nikiwa nimekwisha kupima.

Nilitaka pikapu ya kazi. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo nilichokuwa nikikodi, kilipobebeshwa maboksi arobaini kiliinua pua, na vigae vilifika vimemegeka pembe. Kwa miezi miwili nilizunguka yadi za magari nikiwa na futi kamba kwenye mkoba. Za kebini mbili nilizikataa, kwani hupunguza bodi ya mzigo ili kuongeza viti, nami sina abiria. Hatimaye nikaipata moja ya dizeli, kebini moja, chasisi haina kutu wala alama ya kuchomelewa, spring za nyuma nene, na bodi inayopokea safu zangu za maboksi bila kubakiza nafasi ya kuteleza. Nilibakiza jambo moja tu, injini, na kwa injini familia yetu haijawahi kumwita mtu mwingine ila Mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama yangu, ana miaka sabini na mmoja, na gereji yake iko eneo la Gerezani. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha. Watu humwita Daktari. Huweka ncha ya bisbisi kwenye injini inayounguruma, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho, na wote waliopo hunyamaza. Akisema gari zima, mtu analipa. Akitikisa kichwa, dalali anaondoka na gari lake.

Siku dalali wa yadi alipoileta pikapu gereji na injini ikawashwa, mimi niliyesimama hatua tatu nyuma niliusikia mlio mkavu unaojirudia, kama kucha zinazogongwa juu ya meza, ukiharakisha kila mara dereva wake alipokanyaga mafuta. Mjomba alisikiliza muda mrefu, akafumbua macho, akasema, "Safi kabisa. Chukua, mwanangu."

"Mjomba, husikii kama kuna kitu kinagonga?"

Hakugeuka. Dalali ndiye aliyenijibu, huku akicheka: "Mwalimu, wewe pima bodi yako, injini mwachie Daktari. Ameanza kusikiliza injini wewe bado unanyonya!"

Sikubishana. Niliomba kuijaribu barabarani, nikaipeleka kwa fundi mwingine Ilala. Hakuhitaji hata kufungua boneti. "Dada, huyu anagonga ndani," alisema. "Mpakie mzigo uone. Hafiki Kibaha."

Kesho yake nilikwenda gereji, nikasimama nyuma ya Mjomba, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo, Mjomba." Hakuitika. Nikarudia. Nilipozunguka akaniona usoni, akatabasamu, "Marahaba, mwanangu, umefika saa ngapi?" Nikamwambia, nikimtazama machoni na kupaza sauti, kwamba wazee wengi siku hizi wanapimwa masikio, twende pamoja hospitali. Alicheka mpaka akakohoa. "Masikio haya? Haya ndiyo yaliyokupeleka shule!" Kisha akapangusa mikono, akaongeza jambo ambalo tangu siku hiyo haliniachi: "Ila injini za sasa zimekuwa tulivu sana. Zamani zilikuwa zinanieleza kila kitu."

Hajui. Anadhani injini ndizo zilizobadilika.

Nilirudi kwa dalali, nikamwambia siichukui pikapu kwa sababu bodi ni fupi. Bodi ile nilikuwa nimeipima mwenyewe, mara mbili. Nilisema uongo ili nisimwaibishe mzee mbele ya gereji nzima, nikadhani limekwisha.

Siku mbili baadaye Mama Neema, jirani yangu anayeuza mabomba, aliingia dukani kwangu akiwa na furaha. "Shoga, ile pikapu uliyoiacha naichukua mimi! Mabomba yangu yatachungulia nyuma kidogo, lakini si neno. Injini nzima, au siyo?"

Nikamjibu, "Mjomba ameisikiliza."

Ndivyo nilivyosema. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, na nilijua vizuri kwa nini niliipanga hivyo. Akanishika mkono, akasema, "Basi kama ni Daktari, mimi sina wasiwasi." Ameshauza kirikuu chake na kiwanja cha Chanika. Analipa Jumamosi. Mjomba ameombwa aisikilize tena mbele yake, nami nimealikwa nishuhudie.

Leo ni Alhamisi. Nimeshapita yadi ile mara tatu bila sababu, kuangalia tu kama gari bado lipo. Dukani napanga maboksi na kuyapangua. Jana nilimpakilia mteja vigae vya kipimo kisicho chake, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nikimwambia Mama Neema ukweli, ataniuliza kwa nini Daktari hakusikia, na hadi jioni Gerezani yote itakuwa na jibu. Yule mzee hana kazi nyingine, wala hana jina jingine. Nikinyamaza, gari litamfia Mama Neema njiani na mzigo juu, na kabla ya hapo na baada ya hapo watakuja wengine kununua kwa sikio lile lile.

Najua kwamba ni lazima niseme. Hilo silihitaji kuambiwa. Ninachoshindwa ni hiki: nianzie kwa nani, na nimwambieje mtu aliyenisomesha kwamba hasikii, wakati itabidi nimwambie kwa sauti ya juu, ndani ya gereji iliyojaa watu? Nishaurini kabla ya Jumamosi.