Senta Si Mahali

Neno lenyewe ni senta. Huku Mkalama, kama kwenye vijiji vingi, senta ni pale penye maduka: mashine ya kusaga, bodaboda waliojipanga, meza ya pool iliyozungukwa na vijana wasio na shughuli, na nyuma yake vilabu vya pombe. Mtoto wa kiume akishinda senta, wazazi wananung'unika. Wa kike akishinda senta, kashaharibika, na hakuna anayeuliza zaidi. Kwenye mpira wa kikapu, senta ni mchezaji mrefu anayesimama karibu na ringi, ndiye anayegombea kila mpira unaorudi. Maana hizo mbili zilikutana mnadani, na aliyeumia ni mwanafunzi wangu. Nasema mapema kwamba nina hasira, asije mtu akaniambia nipunguze.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mtoto wa Itigi. Kikapu nilikijulia chuo cha ualimu. Nilipopangiwa sekondari ya kutwa jirani na Kinyangiri, nilimsumbua mkuu wa shule mpaka akanipa kipande cha uwanja, na fundi wa mageti akatuchomelea ringi. Ringi moja tu. Timu zote mbili zinafunga hapo hapo, na anayepita na ng'ombe wake anasimama kutucheka.

Mwanafunzi huyo, binti mrefu, alikuwa kidato cha pili nilipomwona akitembea amekunja mgongo. Wenzake walimwita ngongoti, na milango ya kwao ilikuwa imemgonga sana kichwani, basi alijifunza kuinama hata mahali pasipo na mlango. Neno la kwanza nililomfundisha ni "Nyooka!" Nililisema mpaka walimu wenzangu wakaanza kuniita Nyooka.

Akidaka mpira aliushusha kiunoni, na wafupi wakampokonya. "Uache huko huko juu!" nampigia kelele. "Unawashushia wa nini, wamekuomba?" Na adabu yake, jamani! Akimgusa mtu mgongoni anageuka kusema, "Samahani, dada." Huku dada ameshafunga. Hilo lilinitesa kuliko yote, maana utamwambiaje mtoto aliyelelewa vizuri kwamba ndani ya mstari huu adabu ipumzike kidogo?

Lakini miguu alikuwa nayo. Alikua akikimbiza ndama, na ndama hakwambii anageukia wapi. Nilimwonyesha mara moja tu jinsi ya kumpa adui mgongo, kumdanganya kulia na kuzungukia kushoto. Kesho yake alikuwa anafanya vizuri kuliko mimi. Alipofika kidato cha tatu mgongo ulikuwa umenyooka, na waliomwita ngongoti walikuwa wanagombania kuwa timu yake. Siku moja alinyakua mpira juu ya vichwa vya watatu, akafunga, akashuka bila kumwomba msamaha mtu yeyote. Nilipiga kigelegele peke yangu pale uwanjani. Wakati wa kukusanya koni akaniambia, "Madam, mimi nataka kucheza mpaka nizeeke." Hakuwa mtoto wa kusema sana, kwa hiyo niliamini.

Kwenye mashindano ya shule, Singida mjini, akaonwa na kocha mmoja kijana kutoka Dar. Timu yake ya wasichana inasomesha wachezaji: shule, bweni, chakula. Akanifuata anahema kana kwamba ndiye aliyecheza.

"Madam, senta wa kike mwenye miguu kama ile sijawahi kumpata. Nafasi ninayo moja. Nipe namba ya mzazi."

"Namba sikupi," nikamwambia. "Twende Kinyangiri ukamsalimie mzee. Ukae, ule wanachokupa, ndipo useme. Huku mtoto haombwi kwa simu."

Akacheka. "Madam, dunia iko kiganjani siku hizi!"

Namba akaipata kwa watu wengine. Akapiga siku ya mnada.

Baba wa binti ni mkulima wa alizeti na mfugaji, mtu wa watu, anayesalimia hadi watoto wadogo. Simu yake ndogo imekufa spika ya sikioni, kwa hiyo anasikilizia lauda, sauti ikitoka nje kwa wote. Aliipokea akiwa katikati ya wanaume wenzake, kamba ya beberu mkononi. Yaliyosemwa nimesimuliwa na watu wengi, kila mmoja akiigiza sauti:

"Mambo vipi, mzee! Binti yako ni senta. Senta wa hatari! Tumemwona wengi hapo Singida, tukampenda. Nataka nimchukue Dar, nikae naye mwenyewe."

Shikamoo hakuna. Jina lake hakutaja. Timu hakutaja. Mpira hakutaja! Haki ya Mungu, ukimwambia mtu atunge maneno ya kumvua nguo mzee mbele ya mnada mzima, asingefikia hayo. Mzee alikata simu. Mtu mmoja akacheka. Beberu akarudi naye nyumbani bila kumuuza.

Jumatatu binti akaja kwangu macho mekundu. "Madam, baba amesema nisionekane senta tena."

"Senta ipi? Wewe na senta wapi na wapi?"

"Nami nilimwambia siendi. Akasema waliokuona wapo mpaka Dar."

Tulitazamana. Nilipoelewa nilikaa chini, kwenye vumbi, na sketi yangu ya kazini.

Jumapili nikachukua bodaboda na kilo za sukari. Nikapiga shikamoo zangu zote, nikala ugali na mlenda, nikaulizwa habari za Itigi na mvua za huko. Hapo ndipo nikaomba vigoda. Nikavipanga uwanjani kama wachezaji, nikaning'iniza ndoo kwenye mti wa kibanda cha mbuzi, nikamweka binti katikati. Mama yake aliangua kicheko akaingia ndani, nikamsikia akisimulia kwa Kinyiramba.

Mzee aliangalia kwa muda mrefu. "Kwa hiyo senta ni mtu," akasema.

"Ni mtu, baba."

"Si mahali."

"Si mahali."

Akamwambia binti arushe. Akarusha, ndoo ikalia. Akamwambia arushe tena. Niliona kabisa uso wa mzee ukilegea, nikajua tumeshinda.

"Mtoto ataenda," akasema. "Ila huyo kijana aje. Aje mnadani, pale pale, aseme mbele ya wale wale kwamba alikuwa na maana ya mpira. Mimi naishi na wale watu, mwalimu."

"Nitasema mimi, baba. Nitapanda hata juu ya gari la ng'ombe."

"Wewe hukunichafua. Utanisafishaje?"

Alikuwa na haki. Hiyo ndiyo inayonichoma. Angekuwa mjinga ningemchukia nikalala usingizi.

Nikampigia kocha nikamweleza taratibu, kama namfundisha mtoto wa chekechea. Akasema, "Madam, nitoke Dar mpaka mnada wa mbuzi kwa ajili ya neno moja?"

"Ni neno lako."

"Mzee mwenyewe alinikatia simu!"

"Hukumsalimia!"

Akasema ataangalia ratiba. Nikampigia tena, hakupokea. Nikamwandikia, alama za kusomwa nikaziona. Mnada ukapita. Nikarudi kwa mzee kumbembeleza akubali kusikia hayo maneno hata kwa hiyo lauda yake, mbele ya hao hao watu. Akasema kwa simu ndiko alikovuliwa nguo, hawezi kuvalishwa kwa simu. Fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia, ndivyo tunavyosema, kisha fahali tunawapa pole na nyasi hakuna anayezitazama.

Mnada wa pili ulipokaribia, kocha akapiga mwenyewe, mchangamfu. Nafasi imeshajazwa. Amepata msichana mwingine, mrefu vilevile.

"Anajua kucheza?" nikauliza.

"Bado, mpira hajaushika sana. Tutamfundisha. Ila mzazi wake hana maneno. Nilipiga mara moja tu, akasema mchukue."

Nilikata simu. Nikatoka ofisini. Binti alikuwa uwanjani peke yake. Mazoezi baba yake alishamruhusu tangu siku ya vigoda. Sikumzungusha, nikamwambia yote kama yalivyo, hata hilo la mwisho.

Aliukumbatia mpira tumboni. "Kwa hiyo huyo hajui hata kudaka?"

"Bado."

"Na baba yake alisema tu, mchukue."

"Ndiyo."

Akafikiri. "Kumbe hawakuwa wanatafuta mchezaji, madam. Walikuwa wanatafuta baba. Na wangu hafai."

Nikafungua mdomo nimkemee, maana huku kwetu mtoto hamsemi mzazi wake hivyo, na mzee yule hakustahili. Nikaufunga. Miaka miwili nilikuwa nimempigia kelele aache kuomba samahani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno gumu bila kuliombea radhi.