Jiwe juu ya maharagi

Bandugu, leo nimekuwa mwanasayansi kwa saa mbili tu.

Asubuhi niliingia mu groupe ya bantu banapenda physique, ile somo ya fizikia, ku téléphone. Kila mugeni anaulizaka swali moja ya nyumbani kwake.

Minye nikauliza: juu ya nini mama yangu anawekaka jiwe pa kifuniko ya sufuria ya maharagi? Ile jiwe ya kijani, ya ku mugodi ya Kamatanda, nzito sana.

Groupe ikawaka. Huyu anasema pression, ule anasema vapeur, mvuke ya maji. Professeur mumoja akaandika formule murefu. Bakaniita "chercheur", mutafiti.

Nikajibu: "Merci, chers collègues." Collègues, minye.

Nikaenda ku mbabula, jiko ya makala, kumuelezea mama. Akanisikiliza mupaka mwisho, mukono pa kiuno, mwiko mu ule mwingine.

"Mutoto yangu, ile jiwe ni juu ya kuzuia paka ya jirani. Inajuaka kufungua kifuniko."

Paka nayo iko pale pa mulango, inatuangalia.

Sasa professeur anaomba picha ya expérience, ile jaribio, aonyeshe wanafunzi wake.

Bandugu, nitume ya jiwe ao ya paka?