Siku Kadi ya Waifai Ilipokubali

Mama yangu ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimshika akiwa mtoto mdogo kijijini, ikamwachia uhai lakini ikaondoka na masikio. Shule hakupelekwa, na ile lugha ya alama wanayofundishwa watoto viziwi darasani haijui. Tulicho nacho nyumbani ni mikono yetu wenyewe. Yeye na mdogo wake ndio walioanzisha zile alama, baba akajifunza alipomwoa, halafu mimi na mdogo wangu wa kike tukazipata kama watoto wengine wanavyopata maneno, bila kukumbuka tumezianza lini. Baba ameshatangulia mbele ya haki. Ukituondoa sisi mabinti na mama mdogo anayeishi naye pale Kambarage, mjini Shinyanga, hakuna mtu duniani anayeweza kupiga soga na Mama.

Ndiyo maana mdogo wangu alipoolewa na kuhamia Songea, pengo lililobaki halikuwa dogo. Kupiga simu hakumsaidii Mama, na ujumbe wa maandishi hawezi kuusoma. Tulijaribu simu ya video, ikawa kero tupu. Jicho lake moja lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na la pili linangoja zamu yake, kwa hiyo alilazimika kuisogeza simu hadi puani. Mkono mmoja umeshika simu, umebaki mmoja wa kuongea, na lugha yetu inataka yote miwili. Upande wa pili mdogo wangu akawa anaona kidevu cha Mama na kenchi za bati. Siku moja Mama alinirudishia simu, akajipangusa mikono kwenye khanga kana kwamba ilikuwa na vumbi, akaenda zake jikoni kuchagua nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa.

Kisha mdogo wangu akajifungua mtoto wa kiume.

Katika familia yetu kila mtu ana majina mawili, la kuitwa kwa mdomo na la mkono, na la mkono hutolewa na Mama peke yake. Langu ni kugusa kovu la kwenye nyusi. La mdogo wangu ni kujifinya shavu, kwa sababu alizaliwa na mashavu ya kujaa. Baba alikuwa seremala, naye jina lake lilikuwa kiganja kinachopita juu ya kingine kama randa. Mama hatoi jina kwa kuangalia picha. Anataka amwone mtu akijongea. Mtoto yuko Songea, mama yake bado yuko kwenye uzazi, na Mama mwenyewe safari ndefu ya basi hawezi tena kwa sababu ya miguu.

"Dada," mdogo wangu aliniambia kwenye simu, "huyu mtoto hana jina kwa bibi yake. Nafanyaje?"

Mimi nafanya kazi Katoro, kwenye stesheneri karibu na soko. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunawasaidia watu maombi ya mtandaoni. Wachimbaji na wafanyabiashara wanatuletea fleshi zilizopita kila mahali, zimejaa virusi kama kitanda kibovu kinavyojaa kunguni, na ni virusi hivyo vilivyonifundisha Linux, mfumo wa kompyuta ambao havijauzoea. Mashine moja ilipokufa kabisa niliifuta yote, nikaweka mfumo huo, ikafufuka, na tangu hapo mimi ndiye daktari wa ofisi. Tajiri wangu alipoleta kompyuta mpya, aliniambia niichukue ile ya zamani pamoja na kioo chake kikubwa chenye kamera. Nilipokiangalia kile kioo nilimwona Mama amekaa mbele yake, mikono yote miwili ikiwa huru.

Intaneti haikuwa tatizo. Jirani wa Mama ni mama mmoja aliyetoka Tanga miaka mingi, anauza vitenge, na dukani kwake ana waifai inayofika mpaka uani kwetu. Nilipomweleza kwa simu alisema, "Mwanangu, waifai si chumvi kwamba itaisha. Njoo uunganishe." Kilichokosekana ni kitu kimoja tu. Kompyuta ile ilizoea kebo ya ofisini, haikuwa na waifai ndani yake. Nikapitia Geita mjini, duka moja la Kalangalala, nikanunua kadi ya kuchomeka ndani ya mashine, yenye antena mbili kama pembe za mbuzi.

"Weka tu," muuzaji aliniambia. "Inajitambua yenyewe."

Nikapanda basi la Shinyanga na kioo mapajani, nimekifunga kwenye blanketi. Abiria wa pembeni aliniuliza kama ni mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata nilipanga kila kitu sebuleni. Mama alikuwa ameoga, amevaa gauni lake la kanisani, na amekaa kwenye kiti tangu kabla sijamaliza kufunga skrubu. Mdogo wangu naye kule Songea alikuwa tayari, anangoja. Nikawasha. Mashine ikaamka vizuri, kioo kikang'aa, Mama akapiga makofi. Nikaangalia pembeni, pale panapotakiwa kuonyesha waifai. Hapakuwa na kitu. Kwa mashine ile, waifai ilikuwa haijazaliwa.

Nikazima, nikafungua, nikachomoa kadi, nikaipuliza, nikaichomeka tena kwa nguvu mpaka ikalia tak. Bado. Nikaandika amri ya kuiuliza kompyuta itaje vifaa vyote vilivyo tumboni mwake, nikasoma mstari kwa mstari, na karibu na mwisho kadi ilikuwepo, imetajwa. Nilishusha pumzi. Basi kadi ni nzima. Kilichokosekana ni draiva, ile programu ndogo inayoifundisha mashine namna ya kukitumia kifaa.

"Shida ni nini?" mama mdogo aliuliza.

"Draiva, Mama mdogo. Haina draiva."

"Mayo! Kompyuta nayo inataka dereva?"

Jirani, ambaye alikuwa ameingia na sinia la vitumbua, alicheka mpaka akaliweka chini. Nikawaeleza kwamba draiva yenyewe iko kwenye intaneti, na ili niipate intaneti nahitaji draiva.

"Sasa hapo," jirani akasema, "umefungiwa nje na ufunguo uko ndani."

Lakini dirisha moja lilikuwa wazi. Nilichukua waya wa kuchajia, nikaiunganisha simu yangu na mashine ili iazime intaneti ya laini. Humo ndani mtandao wa simu ulikuwa dhaifu, kwa video usingetosha kamwe, ila kwa kushusha faili ulijikongoja. Nikatafuta draiva kwa jina lililoandikwa kwenye boksi la kadi, nikaishusha, nikaiweka, nikawasha upya. Hakuna kitu. Nikaifuta, nikaiweka tena, hakuna kitu.

Mama alipiga meza kwa kiganja, namna tunavyoitana nyumbani kwetu. Nikageuka.

"Inaumwa nini?" aliuliza kwa mikono.

Nikamjibu kwamba ina masikio, nikamwonyesha zile antena mbili, lakini haisikii.

Akazitazama antena. Akajishika masikio yake. Akanitazama mimi, halafu akacheka kile kicheko chake kikubwa asichokisikia mwenyewe, mabega yakamtikisika mpaka mama mdogo naye akashikwa. "Basi ni ndugu yangu," akasema. "Usiipige. Ila fanya haraka, mtoto anakua."

Nilirudi kwenye kiti nikiwa nimepungua hasira, na akili ikanijia. Nilikuwa nimeliamini boksi. Kila kifaa kina namba yake ya ndani, na namba hiyo haibadiliki hata kikivikwa karatasi gani. Nikaiuliza mashine namba ya kadi, nikaitafuta hiyo badala ya jina. Nikaangukia kwenye mazungumzo ya watu wa nchi za mbali, mmoja wao akilalamika kilio kile kile changu: boksi linasema hivi, kilichomo ndani ni kingine, toleo jipya zaidi, nalo lina draiva tofauti kabisa. Chini yake mwingine alikuwa ameweka njia ya kuipata. Wala sijui huyo mtu ni nani, lakini nilimwombea heri kwa sauti.

Nikaanza kuijenga ile draiva. Mistari ikawa inapanda kwenye kioo kama siafu, na watu watatu nyuma yangu wameinama kutazama kitu ambacho hata mimi nilikielewa nusu. Ikakaribia kumaliza. Umeme ukakatika.

Mama mdogo alisema neno moja la Kisukuma ambalo sitaliandika. Mama aliona kioo kimekuwa cheusi na sura zetu zimeanguka, akainuka, akaenda jikoni, akarudi na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, akatugawia kila mmoja mkononi kama watoto. Tukala. Nje watu wa mtaa walikuwa wanaulizana kama umekatika kwao pia. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia asubiri. Nilimsikia mtoto akilia nyuma yake, na nikaona aibu kwamba mimi nilikuwa ninaisikia sauti ile na Mama, aliyekaa hatua chache kutoka kwangu, hajapata hata kumwona akifumbua mdomo.

Umeme uliporudi mtaa mzima ulishangilia. Nikaanza upya, na safari hii draiva ikajengeka mpaka mwisho. Nikaiamuru mashine iipokee. Ikakataa. Ikaniandikia sentensi moja kavu, kwamba ufunguo unaotakiwa haupo.

Hapo nilitaka kulia. Nilishapata kadi, nimepata draiva yake halisi, na bado. Nikanywa maji, nikaisoma ile sentensi polepole, neno kwa neno, kama ninavyomsomea mteja barua ya serikali. Haikusema draiva ni mbovu. Ilisema haina ufunguo. Ndipo nikakumbuka kwamba mashine zile zina lindo lake, linakaa mlangoni tangu kompyuta inapowashwa, na programu yoyote isiyo na muhuri linaouamini haliiruhusu kupita. Draiva yangu niliijenga mwenyewe pale sebuleni. Muhuri ingeutoa wapi?

Nikawasha upya huku nabonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya chini kabisa. Ukurasa wa bluu ukafunguka. Nikasoma kila mstari mara mbili, maana ukikosea huko unaweza kuizuia mashine isiwake tena. Nikalitafuta lile lindo, nikalizima, nikahifadhi, nikatoka.

Kompyuta ikaamka taratibu. Sikuthubutu kuangalia pembeni. Jirani ndiye aliyeona kwanza.

"Hee! Lile si duka langu?"

Ilikuwa imeorodhesha waifai za mtaa mzima, ya hoteli, ya kinyozi, ya nyumba ya pili, na juu kabisa, yenye nguvu kuliko zote, ya duka la vitenge. Niliruka kutoka kwenye kiti nikagonga goti kwenye meza na sikuhisi. Jirani alinisukuma pembeni, akavaa miwani, akaandika nywila yake mwenyewe kwa kidole kimoja, huku akitukataza kuchungulia. Ikaunganika.

Nikampigia mdogo wangu kwa video. Kioo kikajaa. Alikuwa amekaa kitandani amejifunga kitenge, uso mzima, mikono yote, mpaka pazia nyuma yake, na hakuna kilichokatika. Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa. Akajifinya shavu: jina la mdogo wangu. Mdogo wangu akajibu, na mikono ikaanza kukimbia pande zote mbili, kwa kasi ambayo hata mimi nilishindwa kuifuata. Umekonda. Sijakonda. Unakula? Nakula. Mumeo anakuchotea maji? Anachota. Unanidanganya. Sikudanganyi, Mama.

Kisha akamwinua mtoto mbele ya kamera.

Mama alinyamazisha mikono yake. Alisogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande wa jicho linaloona vizuri. Mtoto alipiga mwayo, akajinyonga, akapiga teke hewani. Halafu mwanga wa dirisha ukamwingia, naye akapandisha kiganja kidogo juu ya nyusi, kama mkulima anayekinga jua ili aone ni nani anakuja. Akakiacha hapo hapo, akalala.

Mama akainua mkono wake mwenyewe, akauweka juu ya nyusi vilevile. Akatazama kioo. Akarudia. Lilikuwa jina.

Mdogo wangu alianza kucheka na kulia pamoja. "Ndivyo anavyolala!" alisema kwa mdomo na kwa mikono. "Mama, kila siku ndivyo anavyolala!" Jirani akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani. Mama mdogo alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, ng'wanone, wabeja sana," na mimi nikatoka uani nikacheza peke yangu, bila muziki, kuku wakanipisha.

Kabla sijarudi Katoro niliipanga kompyuta ili iwe na picha mbili tu kubwa, ya mdogo wangu na yangu, na nikamwonyesha Mama pa kubonyeza. Alibonyeza mara moja, akanipungia mkono niondoke, kwamba ameelewa.

Siku iliyofuata nilikuwa ofisini, wateja wamejipanga, mmoja ananisomea maelezo ya leseni, mara kompyuta ya mezani kwangu ikaita. Nikafungua. Alikuwa Mama, peke yake, amejaa kwenye kioo, kilemba kimekaa sawa. Hakuna aliyemsaidia.

"Umefika salama?" aliuliza kwa mikono.

"Nimefika."

"Umekula?"

Foleni yote ilikuwa imeinama kutazama. Nilimwambia bado, na mbele ya wachimbaji na wafanyabiashara wa Katoro nikagombezwa kimya kimya, kwa kirefu, na kwa mikono yote miwili.