Kitanda cha Mama cha Barazani

Mama yangu alipofika Kasongo kutoka Kabambare, amekaa juu ya mizigo ya kamio, yaani lori, kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho ni kinu chake. Kwetu mwanamke anayekuja kutembea huja na vikwembe vyake vya kujifunga. Anayekuja kukaa huja na kinu. Nikashusha kikapu, nikashusha mkeka, nikashusha kuku wawili waliofungwa miguu. Kinu hakuna.

"Nimekuja kukuona tu," akasema. "Mwezi ukiandama, narudi."

Nilikasirika palepale, maana hasira yangu mimi haipigi hodi. Baba alikuwa amekufa, nyonga ya mama ilikuwa imeharibika tangu alipoteleza mtoni, na kule Kabambare alibaki peke yake chini ya paa linalovuja. Arudi kwa nani? Lakini mama haambiliki. Ila nilimjua: ni mtu wa watu, kumfungia ndani ni kumuua. Nikasema, nikimpatia mahali pa kujinyoosha mchana pale barazani, akawa anasalimiana na kila anayekwenda sokoni, safari ataisahau mwenyewe. Ndivyo nilivyoanza kutafuta kitanda.

Kimoja tulikuwa nacho ndani, cha bibi yake mume wangu, cha tangu zamani za biashara ya pembe za ndovu. Miguu minene iliyokerezwa, katikati kimesukwa kamba, na kirefu hata kukipanda unataka kigoda. Mama alikitazama toka chini mpaka juu.

"Hiki nitakipanda kwa ngazi," akasema, "na nitashuka kwa jeneza."

Nikamwendea mume wangu, aliyekuwa fundi cherehani, nikamwambia akate miguu. Akaweka mkasi chini.

"Nikate miguu ya bibi yangu?"

"Ya kitanda, baba watoto."

"Ni mamoja."

Hakuwa mtu mkali, lakini baba yake alizaliwa juu ya kitanda kile. Nikafunga mdomo, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kulima.

Tukaenda kwa seremala aliyefundishwa na mapadri. Vitanda vyake vilikuwa vya kisasa, vimenyooka, rangi ya verni inang'aa hata unajiona meno. Shida, upande wa kichwani alichonga msalaba kila mara. Mkono wake ulikuwa umeshazoea. "Hakuna neno," akatuambia, "nitaongeza majani, itakuwa ua." Mama akakaa juu ya mbao, akajisogeza huku, akajisogeza kule.

"Mwanangu, hii iko benchi ya dispensere. Hapa nangoja tu niitwe, nichomwe sindano."

Hata seremala alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu siku za mwezi.

Basi mzungu mmoja, mnunuzi wa pamba, akawa anarudi kwao Ulaya. Mume wangu alikuwa amemshonea nguo miaka yote, naye katika kuagana akatuachia divani lake. Kitambaa cha kijani, springi ndani, mgongo upande mmoja, na mwisho mmoja umeinuliwa kwa ajili ya kichwa. Watu wanne walilibeba, mtaa mzima nyuma yao. Tukaliweka barazani karibu na cherehani, mgongo ukutani, uso barabarani. Majirani wakapanga foleni kubonyeza springi. Jamani, nilivimba kichwa! Nikajisemea, sasa mama haendi popote.

Mama akalala. Kinyume! Kichwa huku chini, miguu juu ya mahali pa kichwa, kilemba kinamteleza, uso umemjaa damu.

"Mama, umelala vibaya."

"Niko muzuri."

Siku ya pili, hivyohivyo. Siku ya tatu wapita njia walianza kusalimia nyayo zake kabla ya uso, na vicheko vikasikika mpaka kwa jirani. Mimi nikaona ananiaibisha makusudi, kuonyesha kwamba mtu wa Kabambare hanunuliwi kwa kitu cha mzungu. Nikatoka na maneno ambayo mpaka leo nayajutia.

"Kama hutaki kitu changu, sema! Usinifanye nichekwe na watu!"

Akaniangalia kutoka kule chini, taratibu.

"Mwanangu, kibla kiko wapi?"

Nikageuka. Kibla kilikuwa kulekule ambako miguu yake ingeelekea kama angelala alivyotaka mzungu. Maisha yake yote mama hakunyoosha miguu upande ule, hata alipokuwa mgonjwa. Na kuligeuza divani, mgongo wake ungekuwa barabarani, mama abaki kutazama ukuta. Na sisi tunaosali mara tano, na mtaa wote uliokuja kubonyeza springi, hakuna hata mmoja aliyefikiri. Wote macho kwenye kitambaa cha kijani.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Ningekuambia nini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mume wangu alikuwa pale kwenye cherehani, amesikia yote. Kwa desturi yetu mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Hata wakiwa hatua tatu, maneno hupitia kwangu. Cherehani ikanyamaza. Akainuka, akaingia ndani, na baada ya muda tukasikia msumeno.

Nikakimbia. Nilimkuta amepiga magoti, kitanda kimepinduliwa, yuko kwenye mguu wa tatu, jasho linamtoka.

"Na bibi yako?"

"Bibi yangu naye alikuwa mama wa mtu. Shika huku, kisiyumbe."

Mguu mmoja ulitoka mfupi, kwa sababu fundi wa nguo si fundi wa mbao, akauwekea vipande vya kitambaa cha kaki alivyovikunja vizuri. Kitanda cha kamba hakichagui kichwa kiwe wapi. Tukakitoa barazani mahali pa divani, tukaweka mto upande wa kibla. Mama akakaa, nyayo zikagusa chini, akajilaza, na mwanamke wa kwanza aliyepita na muhogo alisalimiwa kwa sauti mpaka akatua mzigo.

"Mwambie mama," mume wangu akaniambia akitazama kwingine, "kamba zikilegea, nitazikaza."

Mama akajifunika uso kwa kikwembe.

"Mwambie mume wako, leo apumzike. Lakini kesho anitafutie mwenye kamio anayekwenda Kabambare."

Nikahesabu tena siku za mwezi.

"Wa nini, mama?"

"Kinu changu iko kule kwa jirani yangu, aniletee. Majani ya muhogo, sombe ya kinu chako hiki, mwanangu, naila kwa kukuonea huruma tu."

Nililia waziwazi, mbele ya watu wa sokoni. Mume wangu akainama chini ya cherehani, akajifanya anatafuta sindano.