Ukoo wa Mtu Mmoja

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasoma historia hapa Guangzhou, na kati ya mambo yote ya duniani kachagua koo za watawala wa Ujerumani wa Zama za Kati: nani alimzaa nani, nani alimwoa binti wa nani. Siku ya kutetea kazi yake mbele ya maprofesa ilikuwa imekaribia. Akifeli, anarudia mwaka mzima. Akaniomba nimchapishie mti wa ukoo kwenye kitambaa kikubwa, maana mimi kutwa niko Kangle, mtaa wa mafundi wa nguo.

Nikahesabu majina kwenye karatasi yake. Thelathini na moja. Nikarudia. Thelathini na moja, na kumi na tisa ni jina lile lile.

"Hawa watu waliishiwa majina?"

"Mjomba, jina lilikuwa urithi. Ukimpa mtoto jina la babu, unawaambia majirani ngome ya babu nayo ni yake."

Sawa. Lakini laoban, bosi wa mashine pale Kangle, alitoza kwa kila jina, na mimi sinunui kitu kimoja mara kumi na tisa. "Hili ukishaliandika mara moja, limeandikwa," nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni. Akakubali upesi mno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Tulikikunjua kitambaa mlangoni kwa maprofesa. Majina kumi na tatu. Lile moja liko katikati, mistari yote inaishia kwake. Bwana yule kajizaa mwenyewe, ni babu yake mwenyewe, na ana wake saba, mmoja wao mama yake.

"Mjomba, umenimaliza."

"Lakini pamba tupu hiyo, mama. Ishike uone."

Hakushika. Alikitundika, hakuwa na kingine. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Profesa mmoja mzee akavua miwani. "Huyu alimwoa mama yake?"

Mpwa wangu akakigeukia kitambaa; mimi nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa miguu.

"Hapana," akasema. "Hivi ndivyo anavyoonekana ukisoma hati za kale bila kuuliza ni yupi kati ya wale kumi na tisa wenye jina hili. Kazi yangu ni kuwatenganisha."

Akachukua kalamu, akaanza kuwatenganisha palepale juu ya pamba: huyu mwana, huyu mpwa, huyu mjomba wa mke. Wazee wakasogeza viti.

Alifaulu. Yule mzee akatufuata nje, akauliza kama anaweza kukipata kitambaa akitundike darasani. Mpwa wangu alinikanyaga mguu kabla sijataja bei.